Nazi za Bi Nana

Mhunzi hukishika chuma cha moto kwa koleo. Koleo likimvunjikia mkononi, chuma huanguka na kazi husimama, na mpita njia asiyejua uhunzi hudhani fundi amekwisha. Hajui kwamba ufundi haukai katika koleo bali kwa mhunzi mwenyewe, naye akitulia atajifulia jingine. Kuyasema haya ni rahisi kama kunywa maji. Kuyaamini, wewe ukiwa ndiye uliyevunjikiwa, ni kazi nyingine, na ndiyo kazi iliyomkuta Mzamil, kijana wa Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa.

Koleo la Mzamil lilikuwa mbio zake. Alikuwa winga wa kulia wa timu ya Kibokoni, na alipoukokota mpira pembezoni mwa uwanja wa Tononoka, mabeki walibaki kumsindikiza kwa macho. Wauza leso wa Biashara Street walibishana juu yake huku wakiwakunjia wateja bidhaa. Naye sifa hizo alizijua, tena alizipenda sana.

Siku moja beki alimjia kutoka ubavuni wakati mguu wake umenasa kwenye nyasi. Goti likapinda, kano ikakatika. Mzamil alipasuliwa, akatembelea magongo kwa miezi mingi, kisha akaanza kunyooshwa viungo hospitalini na mtaalamu aliyeitwa Beverly. Mwishowe Beverly alimwambia, "Goti limepona. Kilichobaki ni wewe kulikunja lote." Mzamil alilikunja nusu, akaishia hapo. Moyoni alikuwa na hakika kwamba akizidisha kidogo tu, litakatika tena.

Na hivyo hivyo, na hofu yake, akarudi uwanjani. Kocha wake, Wekesa, mwendesha kreni katika bandari ya Kilindini, alimwingiza kipindi cha pili katika nafasi yake ileile. Mzamil akafanya kosa la kutaka kuwa yule wa jana. Aliusukuma mpira mbele, akaukimbilia kama zamani, lakini beki alifika kwanza bila hata kuhema. Mpira wa pili ulipomlazimu kugombania, aliruka pembeni. Punde akainua mkono mwenyewe, akaomba kutolewa.

"Mpelekeni Marikiti akauze viazi!" mtu mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka. Mzamil alijifunika taulo usoni, akalia.

Wekesa hakumficha kitu. "Kijana, tumebakiza mechi moja, dhidi ya Likoni. Tukishinda tunapanda daraja. Baada ya hapo nitasajili upya, na siwezi kumsajili mchezaji anayeukimbia mpira. Una mpaka siku hiyo."

Mzamil alikwenda kuvitundika viatu vyake ukutani. Vingebaki hapo mpaka leo kama si binamu yake Fadhiya, mchezaji wa timu ya wasichana, binti mwenye ulimi usio na breki.

"Ndoo tucheze," Fadhiya alimwita kutoka mlangoni.

"Wapi?"

"Hapa hapa ndiani, nje ya mlango."

"Goti, Fadhiya."

"Goti, goti! Kwani hilo goti umelioa?"

Mzamil akatoka, walau apate kumnyamazisha. Kichochoro chao ni chembamba, na watoto wote wa pale hujifunzia soka humo. Mbio hazina nafasi. Mpira hupigwa ukutani na kupokelewa mbele, na mchezaji asiyejua ataupeleka wapi kabla haujamfikia, hunyang'anywa. Tena kichochoro kina sheria yake: mpira ukiingia nyumbani mwa mtu, aliyeupiga huufuata mwenyewe, akaamkia kwa adabu, na akafanya atakalotumwa ndipo arudishiwe.

Mpira wa kwanza wa Mzamil uligonga ukuta vibaya, ukaingia moja kwa moja kwa Bi Nana, bibi jirani yao. Fadhiya alicheka hata akaketi barazani.

"Hodi, Bi Nana. Masalkheri."

"Masalkheri, mwanangu. Karibu. U hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Na goti?"

"Hivyo hivyo."

Bi Nana, mpira mapajani, akaelekeza kidevu uani. Palikuwa na nazi zilizokwisha kupasuliwa na mbuzi ya kukunia, kile kibao kifupi chenye meno ya chuma mbele. Kibao hicho mtu mzima akikikalia, magoti humpanda karibu na kifua. "Nikunie. Nna wageni leo."

"Bi Nana, goti langu halikunjiki."

"Na nazi hazijikuni."

Mtu hambishii bibi wa watu nyumbani kwake. Mzamil aliketi, mguu mzima ameukunja, mbovu ameunyoosha mbele kama mwiko.

"Huo mguu wanitegea nianguke? Uvute ndani. Na hapo wakuna au waparura? Hebu tazama mapande hayo! Marehemu babuyo alikuwa akinikunia laini kama unga, nami si mkewe, ni jirani tu."

Maneno hayo yalimchoma Mzamil. Yeye, kijana aliyetajwa mji mzima, ashindwe na nazi? Akauvuta mguu kidogo, akainama, akakaza macho kwenye meno ya mbuzi. Bi Nana akaendelea kumchamba kwa maneno taratibu, naye akaendelea kukuna, mpaka kifuu cha mwisho kikabaki kitupu.

"Basi," akasema Bi Nana. "Sasa litazame goti lako."

Mzamil akatazama chini. Magoti yote mawili yalikuwa yamemfika kifuani, sawasawa. Hakuna kilichouma, hakuna kilichokatika. Machozi yakamjaa.

"Nimelikunja," akanong'ona.

"Umelikunja zamani. Sikukwambia kwa kuwa nalitaka tui langu kwanza. Haya, shika mpira wako uende."

Tangu hapo Mzamil alicheza kichochoroni na Fadhiya kila siku baada ya alasiri. Fadhiya alimsukuma bega mpaka ukutani bila huruma. Siku za kwanza alikunja uso akijikinga, kisha akaanza kusukuma naye. Jioni moja, baada ya kupokonywa mpira mara nyingi mno, Fadhiya alitupa mikono.

"Mbona huku wanishinda, na uwanjani walikuwa wakikucheka?"

"Huku sikimbii," Mzamil akajibu. Jibu lake mwenyewe lilimgutusha. Alikuwa ameililia miguu yake muda wote huo, na kumbe macho yake ya kuusoma mchezo yalikuwa pale pale.

Asubuhi alimngoja Wekesa kwenye lango la bandari.

"Kocha, usinipange winga. Nipange kati."

"Kati ndiko watu wanakogongwa, kijana."

"Najua. Nipange huko huko."

Wekesa alimtazama goti, akamtazama uso, akakubali.

Siku ya mechi Tononoka ilifurika. Kiungo wa Likoni, Thoya, alikuwa na kifua kama mlango wa ghala, na mapema tu akaujia mpira uliokuwa kati yake na Mzamil. Mashabiki wa Kibokoni walishika vichwa. Mzamil hakuruka pembeni. Alitia mguu, wakagongana, wakaanguka wote wawili. Kisha Mzamil akachuchumaa, magoti kifuani, akafunga kamba ya kiatu bila haraka, akainuka. Fadhiya alipiga kigelegele hadi sauti ikamkauka.

Mechi ilikuwa bado bila kwa bila ilipokaribia kwisha. Mzamil akapokea mpira, Thoya akimpumulia mgongoni. Alimpasia Griffins, winga aliyechukua nafasi yake, akamfanya ukuta wa kichochoro, na mpira ukamrudia mbele. Bila kuinua kichwa, akaupenyeza katikati ya mabeki wawili. Griffins alikwisha kuchomoka. Hizo mbio zilikuwa za Griffins, na Mzamil hakuzionea wivu. Nyavu zikatikisika, na Kibokoni ikapanda daraja.

Wekesa alimjia huku nyimbo zikirindima. "Mbio zako hazijarudi."

"Hazijarudi, Kocha."

"Basi nitakusajili bila hizo."

Kesho yake Mzamil alibisha hodi kwa Bi Nana. Bi Nana akatazama sakafuni, akatazama chini ya kitanda. "Sikuona mpira hapa leo."

"Sikufuata mpira, Bi Nana. Nazi ziko wapi?"

Akakalia mbuzi, akayakunja magoti yake yote mawili, akakuna nazi laini kama unga. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.