Mkia wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na baraza lao na wakigombania viti vyake kama wafanyavyo binadamu, palikuwa na chemchemi moja tu. Kila asubuhi Bwana Nyati na Mzee Kiboko walikwenda kuoga humo humo. Chubwi! Wakitoka, maji yote ni tope.

Bi Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, alikuwa na watoto watatu, na wote walikuwa wakiharisha kwa kunywa tope hilo. Kitindamimba wake hakuweza hata kusimama. Basi Bi Pimbi akagombea ujumbe wa baraza, akashinda, akaenda mbio mbio na hoja yake moja.

Akapanda kichuguu cha wasemaji. "Ndugu wajumbe, maji yetu..."

"He! Hana mkia!" akapayuka Mzee Kiboko.

"Hana kabisa?" Bwana Nyati akainama kuchungulia. "Lo! Mwanamke mzima anasimama mbele za watu bila mkia! Na hayo manyoya, mama, kwenu hakuna kitana?"

"Watoto wangu wanaumwa..."

"Angetabasamu kidogo angependeza," akasema Bwana Mbuni. "Meno yenyewe ndiyo hayo mawili, lakini ajitahidi."

Kwa-kwa-kwa! Baraza zima likacheka. Bi Pimbi akapigwa na butwaa. Bwana Nyati mwenyewe alikuwa na tope kavu mpaka kwenye kope, na kinyesi cha ndege kimemganda mgongoni! Mbona yeye hakuna aliyemkagua? Jamani, hata mimi ninayesimulia nashangaa.

Nyumbani, dada yake alimpokea mlangoni. "Wamesemaje kuhusu maji?"

"Wamesema sina mkia."

"Ati nini?"

"Sina mkia, dada. Hayo ndiyo majibu ya baraza."

Dada akashika kichwa. Kule ndani kitindamimba akauliza kwa sauti ya kufifia, "Mama, maji safi yamekuja?"

Bi Pimbi akamfunika vizuri. Hasira ikampanda. Kisha akatulia, akafikiri, akacheka peke yake.

"Dada, nitafutie maganda ya mgomba. Mengi!"

Sasa, barazani palikuwa na desturi moja. Hoja ikitolewa, mpiga ngoma huuliza mara tatu kama yupo anayepinga. Anayepinga lazima asimame. Asiposimama mtu, ngoma hulia, na hoja huwa sheria mpaka masika saba yapite. Mpiga ngoma alikuwa Kakakuona, ambaye macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo sura ya mtu haikumshughulisha.

Siku ya baraza, Bi Pimbi akaingia. Salaalee! Nyuma yake unaburuzika mkia wa maganda ya mgomba, mrefu hatua kumi, umefungwa maua mekundu. Kichwani kavaa kofia ya manyoya ya mbuni. Fya-fya-fya, mpaka juu ya kichuguu.

"Mamaaa!" akaguta Mzee Kiboko. "Mkia gani huo?"

"Umezidi urefu!" akasema Bwana Nyati.

"Na hayo manyoya ni yangu!" akalia Bwana Mbuni. "Halafu kayaweka upande!"

Bi Pimbi akapaza sauti. "Hoja yangu! Kuanzia leo chemchemi ni ya kunywa tu. Anayeoga akaoge bondeni, maji yatiririkiako!"

"Kuna anayepinga?" akauliza Kakakuona.

"Maua mekundu kwa umri wake?" Mzee Kiboko alikuwa akimwambia jirani yake.

"Kuna anayepinga?"

"Mfupi havai mkia mrefu, bwana!" akabisha Nyati, amekaa raha mustarehe.

"Kwa mara ya tatu, kuna anayepinga?"

Wakaendelea kubishana kuhusu kofia. Hakusimama hata mmoja.

Pu! Pu! Pu!

 Nyati akageuza shingo polepole. "Ngoma ya nini?"

"Ya sheria," akajibu Kakakuona. "Hakuna kuoga chemchemini, mpaka masika saba yapite."

Mzee Kiboko akafunua domo, akasahau kulifumba. Bwana Mbuni akaketi chini pu! Nyati akaruka, macho yamemtoka pima. "Imesemwa lini?"

"Sasa hivi, mbele yako," akasema Bi Pimbi. "Nimesema kwa sauti kubwa, na mmeulizwa mara tatu. Sikio lako moja, Bwana Nyati, linanifunika mimi mzima. Ulikuwa unalitumia kufanya nini?"

 Bi Pimbi akafungua ule mkia, akauvika kwenye pembe ya Nyati. "Chukua. Mimi nilitaka maji tu."

Akashuka, na kesho yake alfajiri akateka maji meupe chemchemini, akampelekea mwanawe. Mtoto akanywa, akaomba tena.

Basi wanangu, mwanamke akisimama kusema, sikilizeni asemalo; mkia wake hauwahusu.