Gobore la Marehemu Kasonta

Sogea. Weka mkono kifuani uape kwamba neno hili litafia kwako. Umeapa? Vizuri. Hata mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya mjane Nyamizi, na kabla ya jua kuzama nilikuwa nimeshawaambia watu wanne. Basi sikiliza.

Nyamizi ana watoto watatu. Kalunde, binti mkubwa, ana pua: ukipika maharage yakashika chini, yeye atajua akiwa kisimani. Mihayo ana vidole. Huyo angeweza kumtoa kiroboto sikioni mwa paka bila kumwamsha. Shija ana sikio, na ndiyo maana nikipita kwao huwa nanong'ona.

Baba yao, Kasonta, aliacha gobore moja, na neno moja kwa wazee: "Bunduki hii itakuwa ya mwanangu atakayeifanya ilie tena. Wasipoweza hadi mwisho wa masika, mdogo wangu Ndimila aichukue." Ndimila anakaa ng'ambo ya mto. Gobore likivuka huko, shamba la Nyamizi ni la nguruwe pori, ambao nusu ya mihogo walishaila. Na hiyo bunduki ilikuwa bubu. Ukivuta, inasema ta, basi.

Kalunde akanusa mdomo wa mtutu. "Yai bovu," akasema. "Baba alipiga mara ya mwisho, akaugua, haikuoshwa." Akachemsha maji, akamimina, akasugua kwa kitambaa kwenye ufito. Yakatoka meusi kama wino. Akarudia mara saba, mpaka yakatoka ya kunywa.

Lakini kwenye kale katundu kadogo, pale cheche ya fataki, kile kikofia kinachogongwa na nyundo, inapopita kuifuata baruti, halikutoka hata tone. Mihayo akachomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli yake, akauzungusha humo asubuhi nzima, akitoa masizi makavu punje kwa punje. Jirani akamcheka, "Unaitoga sikio?" Mihayo akazidi kuzungusha. Alasiri akapuliza, upepo ukapita.

Shija akavuta nyundo, akaiachia. Ikaanguka. Akainamisha kichwa. "Inashuka kivivu. Hiyo haipasui fataki." Akafungua kibao cha ubavuni, akakuta springi imelala ndani ya samli iliyoganda na vumbi.

"Mama, nani kaipaka samli?"

"Mimi," akasema Nyamizi. "Ningeipaka nini kingine kizuri, na baba yenu aliipenda kuliko mimi?"

Hiyo ndiyo siri niliyoapishwa. Shija akaosha, akaanika, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani.

Siku ya mwisho ya masika tukakusanyika uani. Mzee Lugembe, mmoja wa wale walioachiwa neno, akashindilia baruti tupu bila risasi, akavuta. Ikalia mpaka kuku wakapanda darini.

"Haya," akasema, "ya nani?"

"Bila maji yangu mngepiga nini?" akauliza Kalunde.

"Maji yako yalifika ukutani, dada," akasema Mihayo. "Mimi ndiye niliyefungua mlango."

"Mlango wazi, na anayebisha hodi kasinzia," akasema Shija. "Nani kamwamsha?"

Wakabishana, nasi tukawashangilia kila mmoja kwa zamu. Ndimila akanyoosha mkono. "Nipeni niishike wakati mnapogombana. Halafu ipigwe tena. Mara moja ni bahati."

Akapewa, kwa kuwa ni baba yao mdogo. Akaipakata akiinenea maneno ya ukoo, marefu kuliko ya harusi. Nyamizi alikuwa akimtazama vidole. Akanyanyuka, akamshika mkono.

"Shemeji, nionyeshe kidole gumba."

"Hiki hapa."

"Hicho ni cha kushoto."

Nyamizi akakifungua cha kulia mbele yetu sote. Kimenata nta ya nyuki, na katikati ya nta alama ya mviringo, saizi ya kale katundu. Ndani ya katundu, nta imejaa tele.

"Nilikuwa naizibia umande," akasema Ndimila. Kweli, wawindaji huziba hivyo wakilala porini.

"Saa sita mchana?" akauliza Nyamizi, bado kaushika mkono.

Watu wakacheka. Lakini Mzee Lugembe hakucheka. Akaichukua bunduki, akawageukia wale watatu, kwa kuwa Kasonta alitaja mwana mmoja, hakutaja watatu.

Aliyeosha, aliyezibua, aliyeamsha nyundo: wewe, ungemkabidhi yupi?