Fisi Aliyevimba Macho kwa Ajili Yetu

Mwaka ule, wanyama walipokuwa bado wanaitana mikutano na kuyaamini yasemwayo humo, mvua iliipita nchi kama mkwe aliyeudhika: iliguna kwa mbali, ndani haikuingia. Ziwa likanywea mpaka likabaki tope, na samaki wakawa wanahema humo midomo wazi. Wanyama wote wakashuka. Wakawaokota, wakawapasua, wakawatia chumvi ya ufukweni na kuwaanika juani mpaka wakawa ng'onda wakavu wanaolia wakigongwa. Na asiulize mtu sungura ameanza lini kula samaki. Mwenye njaa haulizi kabila la mboga.

Wakajenga ghala la mawe, wakapatana. Mizizi na matunda ya porini yaliwe kwanza. Yakiisha, ghala lifunguliwe, kila nyumba ipate fungu lake mpaka mvua irudi. Likabaki neno moja tu, nani ashike ufunguo.

Fisi akasimama, akafuta chozi ambalo hakuna aliyeliona likitoka.

"Nipeni mimi," akasema. "Mimi na chumvi hatupatani. Mganga alinikataza. Nikiionja tu, tumbo linachafuka siku nzima."

Hakuna aliyeuliza mganga gani. Simba, mfalme wa nchi, ambaye muda wote wa mkutano alikuwa anajichana manyoya ya shingo, akasema, "Mtu mwadilifu huyo. Apewe."

Basi kwa akili nyingi za mkutano ule, samaki wa nchi nzima akakabidhiwa Fisi. Labda kama kikao kingeendelea kidogo, nyasi kavu nazo zingekabidhiwa moto.

Sungura alikuwepo. Alikuwa mjane, ana watoto wengi kama desturi ya kwao, na ulimi wake ulikuwa unajulikana. Alitaka kusema neno, lakini kitinda mimba alikuwa analia mgongoni, na mwenye mtoto anayelia hakuna anayemsikiliza. Akaondoka na ng'onda wake mmoja, ujira wa kuanika, akamtundika juu ya mafiga. Kila jioni watoto walikula mizizi iliyochemshwa huku wakimtazama. Mboga ya macho.

Jua likazidi. Mizizi ikawa ya kutafutwa, kisha ikawa ya kuota ndotoni. Macho ya wanyama yakaanza kuzama. Ndiyo kazi ya njaa: humla mtu mashavu, halafu humsukumia macho ndani. Kanga alikuwa hivyo, na Swala hivyo, na kitinda mimba wa Sungura alimtazama mama yake kama aliye chini ya kisima.

Macho ya Fisi peke yake yalikwenda kinyume. Chini ya kila jicho paliota kifuko, kimejaa, kinang'aa, kinatikisika akitembea.

"Ndugu zangu," akasema siku moja barazani, akiinamisha uso taratibu ili kila mtu aone, "ni kukesha huku. Nyinyi mnalala, mimi nipo mlangoni pa ghala. Usingizi nausikia kwa watu."

Loh, walilia! Swala alilia mpaka akakaa chini. Wakasema nchi haijapata mtumishi kama yule. Akina mama wakawaonyesha watoto: "Vione vile vifuko, vimevimba kwa ajili yako, na wewe unalilia viazi."

Ikawa lazima aendewe kupewa pole. Na kwa kuwa kumwendea mgonjwa mikono mitupu ni aibu, kila mmoja akabeba dawa aliyoijua. Sungura naye akaenda. Alikuta Fisi amejinyoosha mkekani, na wageni wawili wamekwisha kaa: Kanga na yai lake, Kobe na tango lake, la mwisho katika shamba lake.

"Bwana Fisi," akasema Kanga kwa sauti ya msibani, "chukua ute wa yai hili ujipake chini ya macho. Unakaza ngozi. Sikupata la kukuletea ila mwanangu."

"Ahsante, dada," akasema Fisi, akalimeza na ganda lake.

Kanga akashtuka. "La kupaka, Bwana Fisi!"

"Dawa ikianzia ndani hufanya haraka."

Kobe akasogeza tango. "Hili likate vipande, ulaze juu ya macho, nawe ulale kichwa kimeinuka, maji yashuke." Hajamaliza kusema, tango lilikuwa limekwisha shuka. Sungura akatoa kitambaa alichokichovya katika maji ya mtungi, baridi. Fisi akakigeuza, akakinusa, akaona hakina mafuta, akakiweka kando.

"Au ni ya kurithi?" Kobe akauliza. "Mimi haya yangu unayoyaona nimezaliwa nayo. Mama alikuwa nayo, bibi alikuwa nayo."

"Ndiyo hayo!" akadakia Fisi. "Kwetu sote tuko hivi."

"Aa, hapana. Mama yako nilimjua. Bibi yako nilimjua. Na mama yake bibi yako alinikalia mgongoni akidhani ni jiwe. Hakuna hata mmoja."

"Basi ni kukesha, kama nilivyosema."

"Basi dawa ipo," akasema Sungura. "Lala. Tuachie ufunguo siku chache tukushikie, ulale mpaka ukoromee jirani. Dawa ya kukesha ni usingizi, shemeji, haichimbwi wala haipikwi."

Fisi akakurupuka, mkono juu ya ufunguo shingoni. "Nilale! Nchi ina njaa, mimi nilale? Kumbe hamnijui!" Kwa uchungu huo akauvuta mtungi wa maji uliokuwa kando ya mkeka, akaunywa wote mpaka ukatoa mlio wa utupu.

Sungura akautazama mtungi. Akawakumbuka wanawe siku zile za kuanika, walipoiba samaki akiwa amegeuka. Walikunywa maji kama ng'ombe, wakalala, wakaamka nyuso zimeumuka kama maandazi. Chumvi huita maji, na maji yakiitwa hutafuta pa kukaa. Chini ya macho ndipo penye ngozi laini.

"Pole sana, shemeji," akasema, akainuka. "Nchi hii imekukaa usoni kwelikweli."

Kesho yake barazani alisema wazi. "Mizizi imekwisha. Jana wanangu wamekula maganda ya mti. Ghala lifunguliwe."

"Bado kidogo," akasema Fisi kwa upole. "Mimi ndiye ninayejua hali. Vumilieni."

"Basi tusile. Tutazame tu tujue wamebaki wangapi."

Palilipuka! "Huna shukrani!" wakamwambia. "Mtu anavimba macho kwa ajili yako, wewe unataka kumkagua kama mwizi!" Aliyepiga kelele kuliko wote ni Kanga. Mtu akishatoa yai lake hapendi kuambiwa limeliwa bure. Fisi akalia mbele za watu, na kwa kulia vifuko vikazidi uzuri. Mjane akarudi nyumbani na wanawe, wanatazamana na ng'onda mmoja.

Sasa, palikuwa na mwingine aliyekuwa hapati raha, naye ni Simba. Tangu dunia iumbwe, barazani husifiwa manyoya yake. Sasa imepita miandamo ya mwezi hajasikia habari za manyoya. Ni vifuko vya Fisi, vifuko vya Fisi. Akaja kwa Sungura kwa njia ya nyuma, kama wafanyavyo wakubwa wakiwa na shida ya kijinga.

"Bi Sungura," akasema, "wewe una maarifa. Nataka vifuko."

"Vya kutilia nini, Mtukufu?"

"Vya chini ya macho. Kama vya mtunza ghala. Vikubwa zaidi, mimi ni mfalme. Nimejaribu kukesha, nimepata macho mekundu tu na kichwa kuniuma. Nimejipaka pilipili. Usiniulize."

Sungura akayatazama yale macho mekundu asicheke, na haikuwa kazi ndogo. Kisha akainua uso kwa ng'onda wake. Watoto nao wakainua nyuso, wote kwa pamoja. Huyo samaki ndiye aliyekuwa amebaki kati yao na kulala bila kitu. Akimtoa na mambo yasiende alivyopanga, hana cha kutundika tena ila sufuria. Lakini samaki mmoja angewafikisha kesho, na ghala lingewafikisha mvua.

Akamtungua.

"Mama!" akasema kitinda mimba.

"Nyamaza. Mtukufu, umle huyu jioni, wote, na chumvi yake usipanguse. Unywe maji mengi. Ulale kifudifudi, kichwa chini, tena usiwekewe mto. Asubuhi usinawe maji ya baridi, utaviharibu. Na ukiulizwa, sema ni mzigo wa nchi."

"Mzigo wa nchi," akarudia Simba, na neno likamkaa vizuri mdomoni. "Na vitavishinda vya Fisi?"

"Wewe sema tu vinavishinda. Sema mbele yake, usogee karibu aone."

Asubuhi baraza lilikuwa limejaa. Simba akaingia mwendo wa bwana harusi. Chini ya macho yake palikuwa na vifuko viwili, vipya, vya kuheshimika. Watu wakaguna kwa mshangao. Swala akaanza kulia.

"Mnaona," akasema Simba. "Ni mzigo wa nchi. Nimewawazia usiku kucha, na huu ndio uso wangu. Sisemi kwa kujisifu, lakini nadhani vya mtunza ghala sasa ni vidogo." Akamwendea Fisi, akainamisha uso mpaka pua zikakaribiana. "Pima mwenyewe."

Fisi alikuwa amekaa mbele, mahali pa heshima. Kwanza aliumia moyo, maana cheo chake chote kilikuwa pale chini ya macho. Halafu pua yake ikafanya kazi yake ya kuzaliwa. Ikanusa mara moja. Ikanusa tena. Na fisi ni fisi: kuibiwa sifa anaweza kuvumilia mpaka jioni, lakini mtu akijigamba mbele yake kwa chakula kidogo, hawezi hata kidogo.

"Mzigo wa nchi!" akacheka, kicheko kile chao. "Mzigo gani, na mdomo unanuka ng'onda! Tena mmoja, mmoja tu, wa ukubwa wa kiganja! Hivyo ni vifuko vya samaki mmoja, ndugu zangu, mtoto pia angevipata. Mtu akitaka kama hivi vyangu, wallahi, lazima ale..."

Akakwama kama aliyekanyaga hewa akitafuta ngazi.

Kanga aliacha mdomo wazi. Kobe ndiye aliyesema, taratibu, maana wa kwao hawana haraka.

"Lazima ale wangapi, Bwana Fisi? Malizia, tunajifunza."

"Mimi... chumvi... mganga alinikataza..."

"Mganga wako jina lake nani?" akauliza Sungura, swali ambalo lingeulizwa siku ya kwanza lingeokoa samaki wengi.

Hawakungoja jibu. Ufunguo ulivuliwa shingoni pamoja na manyoya kadhaa. Ghala lilipofunguliwa, mbele palikuwa na safu ya ng'onda, imepangwa vizuri, ya kumpendeza mgeni. Nyuma ya safu yalikuwa mawe yamefunikwa mikeka, na katikati ya mawe tandiko la Fisi, lina umbo la tumbo lake. Huko ndiko alikokuwa anakesha. Kanga aliona ile safu moja, akakaa chini asiseme neno. Na kwa Kanga hiyo ni toba kubwa. Wakahesabu vinywa, wakatazama samaki, wakaona wakibana watafika mvua kwa shida. Wangengoja "bado kidogo" moja zaidi, wangegawana mawe.

Simba, ambaye kiburi chake hakijawahi kushindwa na ushahidi, alitangaza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa anafanya uchunguzi. Hakuna aliyebisha, walikuwa na kazi. Vifuko vyake vilinywea siku ile ile, akavitafuta kwa vidole siku nzima.

Fungu la kwanza alipewa Sungura. Kitinda mimba alikula kichwa cha ng'onda peke yake, akalamba na mafiga, akanywa maji, akalala. Asubuhi aliamka macho yamevimba kidogo. Mama yake akamwangalia sana.

"Na wewe," akasema, "umeshaanza kubeba mzigo wa nchi?"

Ufunguo alipewa Kobe, ambaye akikimbia nao hafiki mbali. Na Fisi? Hawakumuua. Walisema yule ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa, na dawa zote anazijua maana aliletewa mwenyewe. Wakamlaza nje ya ghala, kichwa kimeinuliwa juu ya jiwe. Wakampa maganda ya mti yaliyochemshwa bila chembe ya chumvi, yale yale waliyokula watoto wa Sungura, na usingizi kadiri apendavyo. Kanga alikuwa anakuja kila asubuhi kumwekea kitambaa cha maji baridi usoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Alipona kabisa. Mvua ilipoingia, vifuko havikuonekana hata kwa kutafuta, na macho yake yalikuwa yamezama ndani, vizuri, kama ya watu wengine.

Penye urembo ndipo penye urimbo.