Benchi ya Fundi Haruni

Jumanne, tarehe kumi na moja Februari, saa nne na robo asubuhi, fundi Haruni Shemtoi wa Korogwe alifariki, akaacha kwenye benchi yake ya kutengenezea vyombo vya umeme bodi ya saketi ya kipaza sauti cha msikiti. Alikuwa amemwusia mkewe, Bi Mashavu: "Benchi yangu usiigawe. Siku ya khitma yangu ya arobaini mpe mmoja tu, yule atakayeifanya bodi hii iseme bila kukoroma."

Wanafunzi wake walikuwa watatu, na Bi Mashavu aliwapenda kama aliowazaa. Mwanvua alijaliwa masikio, Singano alijua vifaa, na Zaina alikuwa na mikono ya ustadi.

Khitma ya arobaini ikakaribia, bodi ingali inakoroma.

Mwanvua aliiwasha, akafumba macho. "Ina maradhi mawili," akasema. "Moja linanguruma muda wote. La pili linakwaruza sauti ikipanda."

"Umekuwa mganga siku hizi?" Singano akamtania. Lakini Mwanvua alisema kweli: wiki nzima walikuwa wakitibu ugonjwa mmoja tu.

Basi Singano akapekua kopo la kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme kidogo. Akachagua kubwa ya pale umeme unapoingilia, badala ya ile ya zamani iliyokauka, na ndogo za kila chipu. "Pipa la maji hukaa mlangoni," akasema, "ila mwenye kiu ya ghafla hutaka kikombe mkononi." Akalehemu. Mngurumo ukaisha, mkwaruzo ukabaki.

Zaina akaangua kicheko. "Kaka, kikombe chenyewe umekiweka kwa jirani!"

Kweli, Singano alikuwa amezipachika zile ndogo palipokuwa na nafasi, mbali na chipu, miguu yake mirefu kama ya korongo. Zaina akazing'oa, akaikata miguu, akazilehemu ubavuni mwa kila chipu. Polepole, bila kuunguza hata moja.

Bi Mashavu akashika maiki. "Bismillahi," akasema. Sauti ikatoka safi, naye akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mama, sisi hatudai kitu," alisema Mwanvua.

"Nyamaza we! Macho yenu yote yako kwenye benchi," akajibu Bi Mashavu, akiwatazama mmoja mmoja kwa huruma.

Kesho ni khitma, na lazima ataje jina moja. Bila masikio, ugonjwa wa pili usingejulikana. Bila kapasita za Singano, Zaina angesogeza nini? Na bila mikono ya Zaina, bodi ingekwaruza mpaka leo.

Je, ndugu msikilizaji, ungekuwa wewe Bi Mashavu, benchi ungempa nani?

Na unapowaza, muombee fundi Haruni. Mwenyezi Mungu amghufirie, alipanue kaburi lake na kulitia nuru. Amin.