Mama Aliyefunga Mafundo Kwenye Uzi

Wewe unayelea, soma hii kabla hujamkemea mtoto leo, kisha msogezee na mzazi mwenzako.

Huko Uchina ya zamani, katika mji wa wasokota hariri, aliishi mama kijana aitwaye Suyin. Mumewe alifariki, akamwachia binti wa miaka saba, Wenlan, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi wa muziki. Wakati huo alikuwa mtoto tu asiyeweza kupita penye sauti bila kusimama. Mlango ukilia, anaufungua tena ausikie vizuri. Majirani walisema huyo ataolewa na bawaba.

Mjini hapo alikuwepo Mwalimu Gao, fundi wa ala ya nyuzi saba, ile inayolazwa mezani ikapigwa kwa vidole. Kila mwaka alichukua mwanafunzi mmoja, akamfundisha bure. Watoto waliobaki walikwenda kiwandani kuchovya mikono kwenye maji ya moto ya hariri. Vidole vya Suyin vilishaungua hadi kwenye kucha, na akimtazama Wenlan alikuwa haoni kingine, anaona vile vidole tu.

Suyin akampeleka Wenlan kwa Mwalimu, naye akampa mtoto karatasi ya wimbo na ala kuukuu, kama alivyowapa wengine walioomba, akamwambia arudi baada ya miezi miwili kushindania nafasi.

Sasa ile karatasi. Ilionyesha uzi upi uguswe na kwa kidole kipi, basi. Usubiri kiasi gani kabla ya kugusa unaofuata, haikuandikwa popote. Ndivyo nyimbo za ala hiyo zilivyoandikwa tangu enzi, lakini Suyin angejuaje? Akaona wamenyimwa nusu nzima, na wenzao wamepewa.

Basi kila siku mchana alikwenda nje ya ukuta wa Mwalimu na kapu la mboga, akajifanya anachambua. Mwalimu akiupiga wimbo ule, yeye anahesabu pumzi, anafunga mafundo kwenye uzi. Kituo kifupi fundo moja, kirefu matatu. Nyumbani anautandaza uzi mbele ya mtoto. Wenlan aliuliza mbona hapa katikati tunasimama na wimbo unataka kukimbia. Akaambiwa anyamaze, afuate uzi.

Siku ikafika. Watoto watano walipiga, kila mmoja kivyake, na Suyin akafurahi kimoyomoyo, akijua wote wamekosea. Akaja Wenlan, akasimama kila penye fundo.

Mwalimu akainamisha kichwa, akataka ile sehemu ya katikati irudiwe. Kisha akauliza ni nani aliyemfundisha kusimama pale. Mtoto akamtazama mama yake.

"Ni mimi, Mwalimu, nisamehe, nilikaa nje ya ukuta wako nikahesabu, mtoto hana kosa, usimfukuze kwa ajili yangu."

Mwalimu akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole cha tatu kilikuwa kimevimba kwenye kiungo kama tangawizi.

"Mama," akasema, "hapo mimi sisubiri. Hapo kidole kinaniuma."

Chumba kizima kikacheka. Suyin alitamani ardhi ipasuke aingie. Mwalimu hakucheka, alimgeukia mtoto.

"Na wewe hapo ungefanyaje?"

"Ningekimbia. Halafu ningesimama kule mbele, penye uzi mnene."

"Haya, kimbia."

Wenlan akakimbia. Akajikwaa mara moja, akajikwaa tena, akaendelea, na alipofika penye uzi mnene akasimama kwa muda mrefu hadi Suyin akabana pumzi. Kisha akaumalizia wimbo polepole, kama anayemlaza mtoto.

"Amekosea," Suyin akanong'ona, machozi yanamlenga.

"Mara mbili," Mwalimu akakubali. "Lakini makosa yake naweza kuyarekebisha. Ya kwangu yamenishinda mwenyewe."

Akamwambia Wenlan avue viatu, aingie chumba cha ndani, cha mwanafunzi wake wa mwaka huo.

Funzo: Mzazi, hofu yako ikimfundisha mtoto, humfundisha hata maumivu ya watu wengine. Mwache akosee makosa yake mwenyewe, hayo ndiyo yanayorekebishika.