Zimwi Lililonyonywa

Sogeeni, wajukuu zangu, niwape ya Mwanakheri.

Alijifungua mtoto, maziwa yakakataa kutoka. Zimwi jike likaja, matiti yakiburuzika chini. "Nipe nimnyonyeshe, shoga. Atakayeninyonya ni wangu."

"Sikupi!"

Likarudi. "Nipe! Kifua chako kikavu kama gunzi."

"Sikupi!"

Mara ya tatu, mtoto hakuwa na sauti hata ya kulia. Mwanakheri akasema, "Kwetu mtoto halishwi kitu mamake hajakionja. Lete nionje."

Zimwi likacheka, likainama. Mwanakheri akanyonya, akanyonya, akanyonya, zimwi likanywea kama kiriba kitupu.

"Umeninyonya! Sasa wewe ni wangu!"

"Ndiyo, mama. Basi leta, mwanao bado sijashiba!"

Zimwi lilitimka, mbio hadi leo. Kifua cha Mwanakheri kikafurika, mtoto akadaka titi. Nami nimenyamaza, anyonye.