Nani Amtoe Zaina Nje?

Anayenyonyesha anyonyeshe, anayechambua mboga aendelee kuchambua, ila masikio nipeni mimi, maana nina jambo nimeshindwa kuliamua na zimebaki siku mbili.

Keshokutwa Zaina wangu anatimiza arobaini. Katika ukoo nilikoolewa, mtoto hutolewa nje siku hiyo kwa mara ya kwanza, na anayembeba kuvuka kizingiti ni mtu mmoja tu, yule aliyemtendea mama wa mtoto wema mkubwa kuliko wote. Mtoto humhesabu mtu huyo mzazi wake maisha yote.

Wanaoitaka nafasi hiyo ni watatu. Wifi yangu Mwajabu ana jicho la kuona tunavyovipita sisi wengine. Mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, ana neno, akishasema mtaa mzima unanyamaza. Kaka yangu Mbelwa ni fundi bomba, na kipaji chake ni kukueleza jambo gumu mpaka ukajiona una akili.

Mimi nina kisukari tangu kidato cha pili. Kujidunga insulini nimezoea, lakini macho sikuwahi kwenda kupima, niliogopa, nikawa najiambia nikishajifungua, nikishajifungua. Basi siku ya kumi na saba ya uzazi nikaanza kuona nzi. Wadogo, weusi, wanaelea mbele ya uso wa mtoto. Nikasema ni moshi wa mkaa, si mnajua chumba cha mzazi kinavyofukizwa? Nikanyamaza, nikawa nawapunga kwa kanga.

Mwajabu alikuwa amekaa ananitazama.

"Wifi, unafukuza nini?"

"Nzi."

"Chumba hiki hakina nzi hata mmoja. Hebu ziba jicho la kulia. Hivi ni vidole vingapi?"

"Vidole vipi, na wewe huna mkono?"

Hakucheka. Mkono alikuwa ameunyoosha mbele yangu kabisa. Akatoka mbio hata viatu hakuvaa, akaita watu. Mwajabu asingeuliza, mimi ningeendelea kupunga nzi mpaka giza liniingie, na uso wa mwanangu nisiujue tena.

Lakini mzazi hatoki ndani kabla ya arobaini. Na mlinzi wa mila hiyo mtaani kwetu ni nani? Bi Mwantumu mwenyewe! Majirani wakajaa barazani, huyu anasema nipakwe dawa ya majani, yule anasema upepo wa nje utamkausha mzazi maziwa. Mama mkwe akawasikiliza wote. Kisha akaingia, akanishika uso kwa mikono miwili, akanyoosha kidole upande wa kushoto.

"Unakiona?"

"Sikioni, mama."

Akavua kanga yake mpya akanitanda kichwani, akatoka na mimi mkononi mchana kweupe.

"Arobaini za wazazi wa mtaa huu nimezilinda mimi," aliwaambia, "na hii leo naivunja mimi. Mwenye la kusema aje aniambie usoni."

Hakuna aliyekuja. Maziwa nilikuwa nimekamua kikombeni, Zaina akabaki na Mwajabu, sisi na Mbelwa tukapanda gari kwenda hospitali ya macho. Bila mama nisingevuka ule mlango, nawaambieni kweli, nisingethubutu.

Hospitali daktari akanitazama ndani ya jicho, akasema retina, utando wa nyuma ya jicho, imevimba, kuna vichocheo vya ukuaji vimezidi, dawa yake ni sindano. Ya mkono? La, ya jicho. Ndani ya jicho! Sikusikia tena kitu, nilikuwa nimeshafika getini. Mama naye, na ukali wake wote, alikuwa amekalia benchi anajipepea, rangi imemtoka. Mbelwa ndiye aliyenifuata.

"Mwanaasha, simama. Nyuma ya jicho kuna shamba, na lina mabomba yake ya damu. Sukari imeyachubua, yamevimba, maungio yamelegea, maji yanavuja. Kwingine yameziba kabisa. Sasa shamba lina kiu, linapiga kelele kuita mafundi. Unajua wanakuja mafundi gani?"

"Kama wewe."

"Wabaya kuliko mimi. Wanatandaza mipira laini kila mahali, nayo inapasuka, damu inamwagika. Hao ndio nzi wako. Zile kelele ndizo daktari anaziita vichocheo. Sindano inazinyamazisha, mafundi wanarudi kwao."

"Itauma?"

"Watakutia dawa ya ganzi. Utasikia kama kubonyezwa. Nitakushika mkono, ukitaka niume."

Nilimuuma. Alama anayo bado. Lakini nilidungwa, na bila maneno yake ningekuwa nimerudi nyumbani Muheza na hofu yangu.

Sasa wiki tatu zimepita, nzi wamepungua, na juzi nimezihesabu kope za Zaina. Sindano nyingine ipo mwezi ujao, naogopa lakini nitakwenda. Nyumba nzima ina furaha, isipokuwa hawa watatu wanaobishana tangu asubuhi.

"Mimi ndiye niliyeona," anasema Mwajabu. "Nisingeona, mngempeleka nani?"

"Na mlango alifungua nani?" anauliza mama.

"Mlimfikisha getini tu nyie," anasema Mbelwa. "Aliyemrudisha ndani ni mimi."

"Wewe shemeji mtoto utamdondosha, umezoea kubeba koki!"

Hapo tukacheka wote, ila mama hakucheka. Akaniita pembeni.

"Mwanangu, uji wako nilikuwa nautia sukari kwa siri. Vijiko vitatu. Nilidhani bila sukari maziwa hayashuki. Jua hilo kabla hujaamua."

Macho yalikuwa yanaharibika tangu zamani, daktari alishasema, lakini uji ule haukunisaidia. Na angeweza kunyamaza, nisingejua kamwe.

Keshokutwa asubuhi mlango utafunguliwa, watasimama watatu, mikono sita imenyooshwa, na mimi nina mtoto mmoja. Mwenye jicho, mwenye neno, mwenye maelezo. Angekosekana mmoja, leo nisingewaona.

Haya, nyie mliokaa hapo: mngekuwa mimi, Zaina mngemweka mikononi mwa nani?